Robert Owen: Bosi aliyeweka kipande cha mti mahali pa fimbo

Kila tunapogusa suala la kazi na vibarua kwenye kipindi chetu, ujumbe unaoingia kwa wingi ni ule ule. Mwenye mashine ya kusaga analalamika kwamba kijana wake anachezea simu mpaka unga unamwagika. Mwenye shamba anasema vibarua wanalima vizuri akiwa amesimama pale pale, akigeuka tu majembe yanalala. Upande wa pili nao hawanyamazi. Vibarua wanatuandikia kwamba wako kazini tangu alfajiri, hakuna chai, hakuna kupumzika, halafu jioni wanaitwa wavivu.

Leo tumewaletea maisha ya mtu aliyekutana na shida hiyo zaidi ya miaka 200 iliyopita, tena si kwa vibarua watatu au wanne bali kwa kijiji kizima cha wafanyakazi. Anaitwa Robert Owen. Wale mlio kwenye ushirika huenda jina lake mmelisikia kwenye semina, likatajwa haraka haraka kisha mtoa mada akaendelea na mambo ya hisa. Anastahili zaidi ya hapo. Na kwa sisi tunaoishi kwenye ukanda wa pamba habari zake zina uzito wa pekee, maana maisha yake yote ya kazi yalizunguka pamba, ingawa yeye aliipokea ikiwa tayari imevunwa na kufungwa marobota.

Owen alizaliwa tarehe 14 Mei 1771 katika mji mdogo wa Newtown, huko Wales, nchi iliyo upande wa magharibi wa Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, muuza vifaa vya chuma, na ndiye pia aliyeshika posta ya mji. Robert alikuwa wa sita kati ya watoto saba.

Akiwa bado mdogo alitoka shuleni mbio akiwa na njaa, akakuta uji umeshapakuliwa, akaubugia bila kujua kwamba ndani bado unachemka. Tumbo likaungua vibaya, na tangu hapo hakuweza kula chochote ovyo. Ilimbidi aangalie kila chakula kinamfanya nini. Alipokuwa mzee aliandika kwamba ajali hiyo ndiyo iliyomjengea tabia ya kuchunguza mambo madogo. Sisi tunaliamini hilo kiasi, kwa sababu tabia hiyo inaonekana katika kila alichofanya baadaye.

Shule aliimaliza mapema. Kufikia miaka 7 alikuwa anajua kusoma, kuandika na hesabu za kawaida, na mwalimu akamfanya msaidizi wake wa kuwafundisha wenzake. Alipofikisha miaka 10 aliondoka nyumbani na shilingi 40 za Kiingereza mfukoni, akaenda London kwa kaka yake, kisha akapelekwa mji wa Stamford kujifunza kazi katika duka la vitambaa. Mwenye duka, Mskoti aitwaye McGuffog, alianza maisha kama machinga, akitembeza bidhaa kwenye kikapu kijiji hadi kijiji. Mwaka wa kwanza Owen hakulipwa kitu zaidi ya chakula na malazi. Mwaka wa pili alipata pauni 8, wa tatu pauni 10. Lakini hapo alifundishwa kwa utaratibu, akapewa muda wa kusoma vitabu, na aliondoka akijua kitambaa kizuri kwa kukishika tu.

Duka lililofuata, la London, lilikuwa tofauti kabisa. Wateja walikuwa wengi mno, na baada ya kufunga milango vijana walibaki kupanga na kukunja bidhaa zote zilizovurugwa mchana. Kazi ilianza saa 2 asubuhi, na mara nyingi iliisha saa 8 usiku. Owen alikumbuka jinsi alivyopanda ngazi kwenda kulala akiwa ameshikilia reli kwa mikono yote miwili, miguu haimbebi. Tunaomba msikilizaji uishike hiyo picha, kwa sababu kijana yule ndiye atakayekuja kuwa bosi.

Kutoka London alikwenda Manchester, mji uliokuwa unakua haraka kwa sababu ya viwanda vya kusokota nyuzi za pamba. Akiwa na miaka 18 alikopa pauni 100 kwa kaka yake, akaingia ubia na fundi mmoja aliyejua kutengeneza mashine za kusokota. Owen mwenyewe hakujua lolote kuhusu mashine. Alichofanya ni kuweka hesabu sawa, kufika wa kwanza, kuondoka wa mwisho, na kuangalia mafundi wanavyofanya bila kufungua mdomo. Ubia ule haukudumu. Alipoondoka alipewa mashine chache kama fungu lake, akaanza kusokota nyuzi mwenyewe na kupata faida ya karibu pauni 6 kwa wiki.

Wiki sita za kunyamaza

Hapo ndipo tajiri mmoja wa Manchester, Peter Drinkwater, alipopoteza meneja wake ghafla na kutangaza nafasi. Kiwanda chake kilikuwa na wafanyakazi wapatao 500. Owen alikuwa na umri wa miaka kama 20 tu, uso bado wa kitoto, lakini alivaa kofia akaenda. Drinkwater alimuuliza analewa mara ngapi kwa wiki. Kijana akaona haya, akajibu kwamba hajawahi kulewa maishani mwake. Akaulizwa anataka mshahara kiasi gani. Akataja pauni 300 kwa mwaka. Tajiri alishtuka, maana wote waliomtangulia asubuhi ile walitaja chini sana ya hapo. Owen akamweleza kwamba hicho ndicho anachopata tayari kwenye kazi yake mwenyewe, na vitabu vya hesabu anavyo. Vitabu vikaletwa, vikakaguliwa, akapewa kazi.

Sasa angalieni alichofanya. Kijana yule alikabidhiwa watu 500 na mashine ambazo hakuzifahamu vizuri, na hakukuwa na mtu wa kumwonyesha njia. Wengi wetu tungeingia na makelele ili tuonekane mabosi. Yeye kwa muda wa wiki 6 hakutoa amri hata moja. Alifika asubuhi kabla ya wote, akafungua, akapita kila chumba, akaangalia kila hatua ya kazi tangu pamba inapoingia hadi uzi unapofungwa, na jioni akafunga yeye. Akiulizwa jambo alijibu ndiyo au hapana tu. Wiki 6 zilipokwisha alikuwa anajua kiwanda kile kuliko waliokikuta, ndipo akaanza kuelekeza. Baada ya muda mfupi nyuzi zake zilikuwa nyembamba na safi kiasi kwamba wanunuzi walizitafuta kwa jina lake.

Miaka michache baadaye alihamia kampuni nyingine, na safari za kibiashara zikamfikisha Glasgow. Huko alikutana na Caroline Dale, binti wa David Dale, mfanyabiashara aliyejenga viwanda vya kusokota kwenye maporomoko ya mto Clyde, mahali panapoitwa New Lanark. Owen alimpenda binti, na viwanda navyo akavipenda. Yeye na wabia wake walivinunua kwa pauni 60,000. Septemba 1799 alimwoa Caroline, na tarehe 1 Januari 1800 akashika uendeshaji wa New Lanark.

Alichokikuta New Lanark

Kijiji kile kilikuwa na watu kama 1,300 waliokaa na familia zao, na juu yao watoto kati ya 400 na 500 waliochukuliwa kutoka nyumba za kulelea maskini. Dale hakuwa mtu katili. Kwa viwango vya wakati wake aliwalisha watoto vizuri, akawapa mavazi safi na mwalimu. Lakini watoto hao, wengine wa miaka 6 au 7, walikuwa kiwandani tangu saa 12 asubuhi hadi saa 1 jioni, kisha ndipo waingie darasani. Owen aliona mara moja kwamba mtoto aliyesimama saa zote hizo hawezi kushika somo lolote usiku. Wengi walisinzia kwenye madawati.

Watu wazima nao walikuwa na yao. Ulevi ulikuwa mwingi, nyuzi ziliibwa, ugomvi wa dini ulikuwa haushi, na kazi ilifanywa ilimradi imefanywa. Mashine ya kusokota ina mamia ya nyuzi zinazovutwa kwa pamoja. Uzi ukikatika, mtu lazima auone na kuuunga papo hapo, la sivyo pamba inapotea na uzi unatoka na mafundo. Ukisinzia mbele ya mashine ile, au mawazo yakiwa nyumbani, tajiri anapata hasara na wewe unaweza kupoteza kidole.

Viwanda vingine vilikuwa na dawa moja tu ya tatizo hilo: kiboko cha nyapara na faini kwenye mshahara. Owen alikataa fimbo. Lakini wafanyakazi wa New Lanark hawakumpokea kwa shangwe. Alikuwa mgeni kutoka Wales, matamshi yake hawakuyazoea, na wengi wao walitoka nyanda za juu za Uskoti, wana lugha yao. Waliona bosi mpya amekuja kuwakamua. Kwa miaka kadhaa walimpinga kimya kimya, kila alichopendekeza wakakipokea kwa mikono iliyolegea.

Kwa wizi, hakumfukuza wala kumshtaki mtu. Alibadilisha namna ya kuhesabu mali, ili kila pamba inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine ionekane imepungua wapi. Wizi ukakosa njia.

Kwa duka, alifanya jambo ambalo wanawake wa kijiji walilielewa haraka kuliko waume zao. Maduka yaliyokuwepo yaliuza kwa mkopo, bidhaa mbovu, bei ya juu, na mshahara ulipoingia ulikuwa umeshaliwa na deni. Owen alifungua duka la kampuni, akanunua kwa jumla bidhaa nzuri, akauza kwa bei iliyokaribia ile aliyonunulia. Faida ndogo iliyobaki ilisaidia shule. Kila mfanyakazi alikatwa sehemu 1 kati ya 60 ya mshahara kwa ajili ya mfuko wa kusaidiana wakati wa ugonjwa na uzee.

Kipande cha mti

Kwa uzembe kazini alibuni kitu ambacho ndicho kilichofanya jina lake likumbukwe na watu wanaosoma mambo ya uongozi. Kilikuwa kipande kidogo cha mti chenye pande nne, urefu kama kiungo kimoja cha kidole kikubwa au zaidi kidogo, kinaning'inizwa kwa waya mahali pa kazi pa kila mtu. Kila upande ulipakwa rangi yake. Nyeusi ilimaanisha kazi mbaya, buluu kazi ya hivi hivi, njano kazi nzuri, na nyeupe kazi bora kabisa. Rangi inayotazama mbele ndiyo iliyoonyesha mwenendo wa mfanyakazi huyo siku iliyotangulia. Alikiita msimamizi asiyesema.

Kila siku msimamizi wa chumba aliweka alama ya kila mtu, na alama zikaandikwa kwenye kitabu siku kwa siku, mwaka kwa mwaka. Msimamizi naye alikuwa na kipande chake, kikigeuzwa na mkubwa wake. Mfanyakazi aliyeona ameonewa alikuwa na haki ya kwenda kwa Owen mwenyewe, au aliyemkaimu, kulalamika kabla alama haijaingia kitabuni. Owen alipita vyumbani akatazama kipande, akamtazama mtu, akaendelea na safari yake. Hakugomba. Mwenye rangi nyeusi hakufokewa, hakukatwa mshahara, hakupigwa.

Mwanzo nyeusi zilikuwa nyingi. Kisha zikapungua, zikaja buluu, baadaye njano, na miaka ilivyosonga nyeupe zikaanza kuonekana kwa wingi. Owen alijivunia kwamba aliweza kujua hali ya chumba kizima kwa kutupa jicho mara moja.

Hapa tuweke neno letu. Wapo wanaosoma habari za kipande hiki wakadhani hicho ndicho kilichobadilisha kiwanda, na siku hizi kuna maofisi yanayotundika majina ya wafanyakazi ukutani yakiwa na nyota na alama nyekundu, yakitegemea muujiza ule ule. Sisi hatuoni hivyo. Mtu kutundikiwa rangi nyeusi mbele ya wenzake ni aibu, na aibu ikitumiwa na mkubwa asiyeaminika huzaa chuki. Kilichofanya mti ule ukubalike ni haki ya kukata rufaa, na kwamba alama ya jana ilifutwa na ya leo. Zaidi ya yote, ni jambo lililotokea ng'ambo ya bahari.

Mwishoni mwa mwaka 1807 Marekani ilipiga marufuku meli zake kupeleka bidhaa nje, kwa sababu ya mgogoro wake na Uingereza na Ufaransa. Pamba ikaadimika, bei ikaruka. Wenye viwanda wengi walifunga milango na kuwatupa watu nje. Owen naye alisimamisha mashine, kwa miezi 4. Lakini aliwalipa wafanyakazi wake mshahara kamili muda wote huo, kazi yao ikiwa kusafisha mashine na kuzitunza. Zaidi ya pauni 7,000 zilitoka, na hakuna aliyekatwa hata senti. Tangu hapo upinzani ulikwisha. Watu waliomwona kwa miaka kama mnyonyaji mpya walianza kumsikiliza, na kipande cha mti kikawa na maana.

Wabia wake hawakufurahi. Kwao pesa ya shule na mishahara ya watu waliokaa bure ilikuwa inatoka kwenye faida yao. Alibadilisha wabia mara moja, wa pili nao wakamgeuka, na mwaka 1813 viwanda vikapigwa mnada Glasgow. Wabia wale walitarajia kuvichukua kwa bei ya kutupa. Owen alikuwa amekwisha kutafuta wenzake wapya, miongoni mwao mwanafalsafa Jeremy Bentham na William Allen wa madhehebu ya Quaker, waliokubali kuridhika na faida ya asilimia 5 kwa mwaka. Akashinda kwa pauni 114,100. Habari zilipofika New Lanark watu walitoka barabarani kumpokea, wakawafungua farasi wa gari lake, wakalivuta wenyewe.

Saa za kazi na watoto

Akiwa sasa na wabia wanaomwelewa, Owen alipunguza saa. Viwanda vya wakati huo vilifanya kazi saa 13, 14, hata zaidi. New Lanark ilishuka mpaka saa 10 na dakika 45 za kazi kwa siku, bila mshahara kupunguzwa. Wenye viwanda wenzake walitabiri angefilisika. Hakufilisika. Alieleza mbele ya kamati ya Bunge kwamba uzi uliopungua ulikuwa kidogo sana, kwa kuwa mtu asiyechoka huona uzi uliokatika mapema. Kijana aliyewahi kupanda ngazi za London akishikilia reli hakuhitaji kuambiwa hilo na mtu.

Aliacha kuchukua watoto wa nyumba za maskini, na hakuajiri mtoto chini ya miaka 10. Tarehe 1 Januari 1816 alifungua jengo kubwa la elimu katikati ya kijiji. Watoto walipokelewa tangu walipoanza kutembea. Walimu wa darasa la wadogo hakuwatafuta kwenye vyuo. Alimchukua mfumaji wa kitambaa aitwaye James Buchanan, aliyependa watoto lakini hakuwa na kisomo kikubwa, na msichana wa kijiji aitwaye Molly Young. Amri aliyowapa ilikuwa wasimpige mtoto wala kumtisha. Watoto waliimba, walicheza ngoma za kwao, walitoka nje kuangalia mimea na wanyama. Jioni watu wazima walikuja kwenye jengo hilo hilo kusoma, kusikiliza mihadhara na kucheza muziki.

Tunalitaja hili kwenye habari ya kazi kwa sababu wengi hulisahau. Mama aliyesimama mbele ya mashine akijua mtoto wake yuko mikononi mwa mtu mwema, hatua chache kutoka hapo, ana utulivu ambao hakuna rangi ya mti inayoweza kuuleta. Akina mama wanaokwenda kupalilia pamba ya watu huku mtoto mchanga ameachwa na dada wa miaka 7 wanajua tunachozungumza.

Wageni walimiminika kutoka nchi nyingi. Karibu watu 20,000 walitia saini kitabu cha wageni katika miaka kumi tangu 1815, na mmoja wao alikuwa Nicholas, aliyekuja kuwa mfalme wa Urusi.

Mwaka 1815 Owen aliitisha mkutano wa wenye viwanda huko Glasgow na kuwapa mapendekezo mawili. La kwanza, waiombe serikali iondoe ushuru wa pamba inayotoka nje. Wote wakaunga mkono kwa shangwe. La pili, waombe sheria ya kupunguza saa za watoto viwandani. Ukumbi ukawa kimya, hakupatikana hata mmoja wa kuliunga mkono. Akaenda Bungeni kupitia kwa Sir Robert Peel. Alitaka watoto wa chini ya miaka 10 wasiajiriwe, saa za vijana zisizidi 10 na nusu, na wakaguzi walipwe kusimamia sheria. Wapinzani walituma watu New Lanark kuokota maneno ya kumchafua. Sheria iliyopita mwaka 1819 ilihusu viwanda vya pamba tu, ilizuia watoto wa chini ya miaka 9, ikaruhusu saa 12 kwa vijana chini ya miaka 16, na haikuweka wakaguzi wa kweli. Owen aliona wamemtoa utumbo samaki wake wakamrudishia magamba. Hata hivyo ilikuwa moja ya sheria za mwanzo kabisa za kumlinda mtoto kiwandani.

Tusimpake mafuta kupita kiasi. New Lanark haikuwa kijiji cha watu huru. Owen ndiye aliyeamua saa ya kurudi nyumbani usiku wakati wa baridi. Aliyelewa alitozwa faini. Nyumba zilikaguliwa usafi, na wanawake wa kijiji waliwapachika wakaguzi jina la wasaka kunguni. Yeye alijiona baba na wao watoto wake, na katika miaka yote 25 hakuwaachia wafanyakazi waongoze hata sehemu ndogo ya kiwanda kile. Na pamba iliyosokotwa na watu wenye saa chache na mashairi jioni ilikuwa, sehemu kubwa, imelimwa na kuvunwa na watumwa weusi wa Marekani. Kwao hakukuwa na kipande cha mti chenye upande mweupe.

Kijiji cha Marekani

Mwaka 1825 Owen alifanya jambo lililomgharimu karibu kila kitu. Alinunua kijiji kizima huko Indiana, Marekani, chenye ardhi ya ekari 20,000 hivi, akakiita New Harmony. Alitaka kuonyesha kwamba watu wanaweza kuishi kwa kumiliki mali pamoja na kufanya kazi pamoja. Alitangaza milango wazi, na watu mamia kwa mamia wakaja ndani ya majuma machache. Walikuwemo wasomi wakubwa na watu wema. Walikuwemo pia wavivu, wababaishaji na wanaopenda kubishana. Mafundi na wakulima wa kweli walikuwa wachache. Katiba iliandikwa, ikabadilishwa, ikaandikwa tena. Owen mwenyewe alikuwa safarini muda mwingi, akihutubia. Kufikia 1827 mambo yalikuwa yamevunjika, na karibu asilimia 80 ya utajiri wake ilikuwa imepotea.

Kinachotusikitisha ni kwamba huyu ni yule yule aliyekaa kimya wiki 6 Manchester kabla ya kutoa amri. New Harmony hakuiangalia hata wiki 6. Hakuna aliyejua nani anafanya kazi ipi, na kwa kuwa kila mtu alipata chakula kile kile, mwenye kulima alichoka kumtazama asiyelima.

Wanawe walibaki Marekani na kuwa watu wenye kuheshimika. Mmoja wao, Robert Dale Owen, aliingia Bunge la nchi hiyo. Baba alirudi Uingereza, akaachana kabisa na New Lanark mwaka 1828. Caroline, ambaye alivumilia miaka mingi ya mume asiyekaa nyumbani, alifariki mwaka 1831. Owen aliendelea. Mwaka 1832 alianzisha soko la kubadilishana bidhaa kwa kupima saa za kazi zilizotumika kuzitengeneza. Mwaka 1834 alikuwa mbele katika kuunda muungano mkubwa wa vyama vya wafanyakazi. Vyote viwili vilikufa haraka.

Kilichoota ni mbegu ambayo hakuipanda kwa mkono wake. Mwaka 1844 katika mji wa Rochdale, wafumaji na mafundi 28, baadhi yao wafuasi wa mawazo yake, walichanga pauni 28 na kufungua duka dogo la unga, siagi, sukari na shayiri. Tofauti na duka la New Lanark, hili lilikuwa mali ya wanunuzi wenyewe, mtu mmoja kura moja, na faida iligawanywa kulingana na kiasi ambacho mtu amenunua. Taratibu zao zilisambaa duniani. Zilifika Tanganyika pia: sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa mwaka 1932, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakawa na KNCU mwaka 1933, na huku kwetu wakulima wa pamba walijenga vyama vyao kijiji kwa kijiji, wakidai kwanza mizani ya haki, mpaka vikaungana kwenye chama kikuu cha Victoria mwaka 1955.

Mwaka 1858, akiwa na miaka 87 na afya imekwisha, Owen aliomba kurudi Newtown, mji aliouacha akiwa mtoto wa miaka 10. Alifia hotelini tarehe 17 Novemba, jirani kabisa na nyumba aliyozaliwa, na akazikwa karibu na wazazi wake. Viwanda vya New Lanark viliendelea kusokota hadi mwaka 1968. Majengo yalikarabatiwa, na tangu 2001 yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Baadhi ya nyumba za wafanyakazi bado zinakaliwa na watu.